Rimu 18x9.5 ET22 kwenye BRZ iliyoshushwa: pima nafasi kabla hujapenda rimu

Swali la msomaji: "Nina Subaru BRZ ya kizazi cha kwanza, nimeishusha mm 30 kwa springi fupi, shokapu ni zile zile za kiwandani. Nimepata rimu 18x9.5 ET22, nimezipenda mno, nataka nizivalishe tairi 225/40R18 zivutike kidogo. Fundi anasema zitaingia tu, rafiki yangu anasema zitakula fenda. Nani yuko sahihi? Na wewe ungefunga saizi gani?"

Mkuu, wote wawili wako sahihi na hapo ndo shida inapoanzia. Fundi anaongelea gari ikiwa juu ya jeki, matundu matano yamekubali, nati zimekaza, rimu inazunguka haigusi kitu, kwake hiyo imeshaingia. Rafiki yako anaongelea gari ikiwa barabarani, imebeba watu, iko kwenye kona na lile gurudumu la nje limelalia shimo. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa na nimeshaona watu wengi wakiharibu tairi mpya kwa sababu waliuliza lile la kwanza wakanunua, la pili wakaja kulijua njiani.

Tuanze na hesabu maana ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, unahitaji tu kikokotoo cha simu. Rimu yako ya kiwandani ni 17x7 ET48. Hiyo 7 ni upana kwa inchi, na ET48 ni ofuseti, yaani pale rimu inapobana kwenye habu pamesogea mm 48 kuelekea nje kutoka katikati ya upana wa rimu. Inchi 7 ni mm 177.8, nusu yake 88.9. Ukitaka kujua rimu imeingia ndani kiasi gani, upande wa shokapu, unajumlisha ET: 88.9 na 48 unapata 136.9. Ukitaka kujua imetoka nje kiasi gani, upande wa fenda, unatoa: 88.9 toa 48 ni 40.9. Basi, hizo namba mbili ndo nyumba yako.

Sasa hizo za 18x9.5 ET22. Inchi 9.5 ni mm 241.3, nusu yake 120.65. Ndani inakuwa 142.65, nje inakuwa 98.65. Linganisha na za kiwandani: ndani imeongezeka karibu mm 6 tu, hiyo si kitu, ila nje imeongezeka karibu mm 58. Chukua rula uweke kidole kwenye mm 58 alafu nenda kaiangalie fenda yako. Watu wanaobana kabisa kwenye haya magari, wenye kemba nyingi (gurudumu limelazwa, kwa juu limeingia ndani) na fenda zilizokunjwa ukingo, hutumia 18x9.5 za ET38 mpaka 40, na hapo tayari wako pembeni kabisa mwa fenda. Wewe unataka kutoka mm 16 zaidi ya hao. Kwa fenda za kiwandani haifichiki.

Alafu kuna hilo la kuvuta tairi, yaani kuvalisha tairi nyembamba kwenye rimu pana. Kwenye 225/40R18, 225 ni upana wa tairi kwa mm, 40 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na 18 ni inchi za rimu. 225/40R18 viwango vyake vinaruhusu rimu ya inchi 7.5 hadi 9, hivyo 9.5 iko nje ya kiwango. Najua mtaani wanavuta, na picha zinapendeza, sikatai, lakini tairi ikivutwa hivyo ubavu unalala, ukingo wa rimu unabaki uchi na ndo unapokea kila jiwe, na ule ukingo wa tairi ulioshika rimu unashikilia kwa pembe mbaya, upepo ukipungua kidogo na ukaingia kona kwa nguvu tairi inaweza kuachia rimu. Kwenye gari ya kusimama kwenye maonyesho hiyo ni biashara ya mwenye gari, kwenye gari ya michezo unayoiendesha kwa kasi mimi siwezi kukwambia fanya.

Sasa nikwambie kitu ambacho wengi hawakijui kuhusu kushusha gari, na ukikielewa hiki mengine yote yanakuwa rahisi. Ukishusha kwa springi fupi, pale juu kabisa tairi inapoweza kufika ndani ya madigadi hapabadiliki. Kinachoamua mwisho wa safari ni ile raba ya kugotea iliyopo kwenye rodi ya shokapu, springi imebadilisha tu pale gari inapopumzikia. Zamani tairi ilikuwa na safari ndefu ya kupanda, ilikuwa inafika kule juu siku moja moja ukiangukia shimo la nguvu. Sasa umeikatia mm 30 za safari, inafika kule juu kila tuta, kila kona yenye bonde, kila ukipakia abiria. Kwa hiyo rimu ambayo kwa gari isiyoshushwa ingegusa fenda mara mbili kwa mwaka, kwako itagusa mara mbili kabla hujafika kazini.

Ndo maana swali langu la kwanza kwako ni hili: waliokufungia springi walizikata zile raba? Wengi huzikata ili gari isigote gote na kuruka ruka, na baadhi ya springi zinakuja na maelekezo ya kukata. Ikiwa zimekatwa basi tairi sasa inapanda juu zaidi ya pale kiwanda kilipopanga, na hesabu yoyote ya mtu mwenye BRZ isiyokatwa haikuhusu. Vua kifuniko cha vumbi cha shokapu uangalie, ni kazi ya dakika chache.

Mbele na nyuma pia sio sawa. Mbele gari hii ina strati ya MacPherson, yaani shokapu na springi ni nguzo moja inayoshika gurudumu, nyuma ina wishboni mbili, mkono wa juu na wa chini. Nyuma gurudumu likipanda juu linalala kuelekea ndani, yaani kemba inaongezeka yenyewe, bega la tairi linakwepa fenda. Mbele hakuna hiyo huruma, strati inainamisha kidogo sana, na ukishashusha ile mikono ya chini inakuwa imeshapita usawa hivyo ndo kabisa. Ongeza kwamba mbele gurudumu linakata kona, likitoka nje kwa ofuseti ndogo linazunguka kwa duara kubwa zaidi, linaenda kusugua plastiki ya ndani ya madigadi na ile sehemu bampa inapokutana na fenda. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "nyuma iko poa", mbele bado hujajibiwa.

Mimi mwenyewe lilinikuta. Gari nyingine, sio BRZ, imeshushwa, nimefunga rimu ET ndogo, nikazunguka nayo wiki nzima peke yangu haijagusa popote. Siku nimepakia watu wawili nyuma nikapita daraja lenye mshono, nikasikia sauti kama mtu anachana turubai. Nimesimama, nimeingiza mkono kwa juu ya tairi, kidole kikaingia kwenye mfereji mpya ambao haukuwepo asubuhi, umezunguka bega lote la tairi, safi kama umekatwa kwa kisu, na ndani yake nyuzi zinaonekana. Ukingo wa fenda kwa ndani ni bati lililokunjwa, lina makali, na uzito wa watu wawili uliisukuma tairi juu mpaka ikalikuta. Tairi ilikuwa bado ina vile vinywele vya raba vya upya. Toka siku hiyo sifungi rimu ya mtu bila kupima gari ikiwa imebonyezwa.

Kupima kwenyewe ni hivi. Ukiwa na rimu zako za sasa, gari iko chini kwenye sakafu sawa, chukua uzi, funga nati mwishoni, ning'iniza kutoka ukingo wa fenda katikati ya gurudumu. Pima kutoka kwenye uzi mpaka ubavu wa tairi, hiyo ndo nafasi yako ya nje gari ikiwa imetulia. Kwa ndani, mbele, nyanyua gari, weka stendi, tafuta pale tairi ilipo karibu zaidi na mwili wa strati au kikombe cha springi, alafu ingiza mashina ya biti za drili moja moja, ya mm 6, ya 8, ya 10, mpaka upate inayopita kwa kubana. Hiyo biti ndo kipimo chako. Mimi sikubali ibaki chini ya mm 5 kwa ndani, maana tairi yenyewe inajongea kwenye kona na beringi nazo zinalegea na umri.

Ukishapata rimu ya kujaribu, hata kwa kuazima moja, nunua ule udongo laini wa watoto kuchezea. Bandika vidonge vyake kwenye ukingo wa fenda kwa ndani, kwenye mwili wa strati, na kwenye plastiki ya madigadi kwa mbele na nyuma ya tairi. Alafu panda na tairi ya mbele kulia na ya nyuma kushoto juu ya mbao nene, taratibu, watu wakiwa wamekaa ndani, kunja usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, shuka, badilisha upande. Kidonge kilichobonyezwa kinakwambia kimebaki mm ngapi, kilichochanika kinakwambia rudisha hiyo rimu kwa mwenyewe. Huu udongo haudanganyi na haumuonei aibu mtu.

Sasa tuje kwenye tairi maana wengi wanaanza na rimu wanamalizia na tairi, wakati kinachogusa ni tairi. Tairi yako ya kiwandani 215/45R17 ina kimo cha mm 625. Unaipata hivi: inchi 17 ni mm 431.8, ubavu ni asilimia 45 ya 215 ambayo ni 96.75, zidisha mara 2 jumlisha. 225/45R17 inakupa 634. 225/40R18 ni 637. 245/40R17 ni 628. 235/40R18 ambayo watu wanapenda kuifunga inafika 645, imezidi asilimia 3, hapo gari inapoteza mvuto kwenye gia, spidomita inasoma pungufu kuliko awali, na nafasi ya juu inaisha. Kuna watu wanajifariji kwamba tairi kubwa inainua gari hivyo nafasi inarudi pale pale. Hairudi. Gari inainuka lakini habu haijasogea kwenye bodi, tairi ndo imekua kutoka kwenye habu kwenda pande zote, kwa hiyo tairi iliyozidi mm 9 kwa kimo inakula mm 4.5 za nafasi ya fenda.

Ungeniuliza mimi ningefunga nini kwenye gari yako kama ilivyo, springi hizo na shokapu hizo, nisingefikiria mara mbili: 17x8 ET45 na 225/45R17. Tairi hiyo kiwango chake ni rimu ya inchi 7 hadi 8.5, kwenye 8 inakaa vizuri sana, ubavu umesimama. Kwa tairi yenyewe, ukihesabu kwamba kila nusu inchi ya rimu inaitanua tairi karibu mm 5, ndani utaongeza kama mm 5 na nusu na nje kama 11 na nusu. Hiyo gari iliyoshushwa mm 30 inaibeba, na kwa macho gurudumu linasogea nje kiasi cha kuonekana limejaza. Ubavu unabaki mrefu kidogo, na kwa gari iliyokatiwa safari ya springi ubavu wa tairi ndo mto uliobaki, usiudharau.

Ukisema roho yako iko kwenye 18, sawa, tafuta 18x8.5 ET45 na 225/40R18. Ndani itaongeza kama mm 8, nje kama 14. Hapa ndo utahitaji kipimo cha ile biti ya drili kwa uhakika. Na pima uzito wa rimu kabla ya kununua, mizani ya bafuni inatosha, simama nayo alafu simama bila. Rimu ya 18 ya bei rahisi mara nyingi ni nzito, na uzito ule hauko juu ya springi, uko chini yake, shokapu ya kiwandani ndo inahangaika kuutuliza kila ukipita kwenye makorongo. Gari inayojulikana kwa wepesi wake unaifanya iwe inatembea na viatu vya mvua.

Ya tatu ni kwa mtu wa uwanja wa mbio: 17x9 ET42 na 245/40R17. Kimo karibu kile kile cha kiwandani, raba nyingi chini. Ila nje inaongeza kama mm 26 na ndani kama 14, hiyo inataka kemba hasi ya mbele, digrii moja na nusu hadi mbili, na kiwandani mbele inakaa karibu na sifuri, hivyo unahitaji bolti za kemba au vichwa vya strati vinavyorekebishika, na huenda ukingo wa fenda ukunjwe. Kukunja fenda ifanywe na mtu mwenye kifaa cha kuvingirisha na hita ya rangi, polepole, rangi ikiwa ya moto. Wapo wanaokunja kwa nyundo au rungu, rangi inapasuka na kutu inaingia, nisingekushauri kabisa.

Kemba nyingi kwa ajili tu ya kuficha rimu siipendi. Tairi inaisha kwa ndani usikokuona, nje ikiwa bado mpya. Na ukishusha gari lazima alaimenti ifanyike, nyuma hasa, kwa sababu kinachomaliza tairi haraka zaidi ni too iliyokaa vibaya (magurudumu kuelekea ndani au nje badala ya mbele), kemba inalaumiwa bure mara nyingi. Fanya alaimenti baada ya springi kukaa, wiki moja mbili hivi, na tanki liwe na mafuta ya kawaida yako.

Usifunge pana nyuma nyembamba mbele kwa gari hii. Imetoka kiwandani na saizi moja kote, mizani yake imetafutwa hivyo. Ukinenepesha nyuma peke yake pua ndo itakuwa inateleza nje ya kona, na huwezi kuzungusha tairi mbele kwa nyuma ziishe sawa. Kwanza ukitaka gari ishike zaidi, aina ya tairi inabadilisha mambo kuliko upana. Kizazi hicho cha kwanza nyingi zilitoka na Michelin Primacy HP, tairi ya utulivu wa safari, kwa makusudi gari iteleze kwa mwendo mdogo. Tairi nzuri ya michezo kwenye saizi ile ile ya 215 utaisikia kwenye usukani siku ya kwanza.

Kwenye ubavu wa tairi angalia namba ya mzigo. Ya kiwandani ni 87W, 87 ni kilo 545 kwa tairi moja na W ni kilomita 270 kwa saa. Usishuke chini ya hapo. 225/45R17 ya kawaida ni 91, hiyo ni kilo 615, huna wasiwasi.

Mambo ya kwenye habu nayapita haraka ila usiyaruke. PCD yako, yaani idadi ya matundu ya nati na kipenyo cha duara lake kwa mm, ni 5x100, kwa hiyo rimu za 5x114.3 zilizojaa kila mahali sio zako, hakuna ujanja. Tundu la katikati la habu ni mm 56.1, rimu nyingi za kununua zina 73.1, weka ringi za kujaza hapo katikati la sivyo usukani utatetemeka na utamlaumu mtu wa balansi bure. Na nati: hili limeumiza wengi, mwenye Toyota 86 anadhani gari yake ni Toyota basi anachukua nati za Toyota za M12x1.5 (unene mm 12, meno yameachana mm 1.5), kumbe ile gari na BRZ yako zote zina stadi (bolti za habu zinazopokea nati) za Subaru, M12x1.25. Nati inaingia mizunguko miwili kwa mkono, mtu anaweka bunduki ya upepo, stadi imekufa. Anza kila nati kwa vidole mpaka karibu na mwisho, ikikataa itoe. Kaza kwa spana ya kipimo Nm 120, alafu rudia kukaza baada ya kilomita 50 mpaka 100.

Spesa, zile sahani za kusogeza rimu nje, mimi sina ugomvi nazo ila iwe ile inayoshika habu katikati, na stadi ndefu za kutosha nati ipate meno. Ukihitaji spesa ya mm 20 maana yake umenunua ofuseti isiyo yako. Na breki, upana na ET havikwambii kama spoku zitapita kalipa (kile kinachobana diski ya breki), ujaribu kwa rimu yenyewe, tupu, kabla tairi haijavalishwa, maana ikishavalishwa hakuna atakayeirudisha.

Hizo 18x9.5 ET22 usizinunue. Nenda kaangalie zile raba za kugotea, pima kwa uzi nje na kwa biti ndani, pande zote nne maana gari zilizowahi kugongwa haziko sawa kushoto na kulia, alafu niandikie namba zote nane pamoja na kama raba zimekatwa. Kwa hizo nitakwambia kama 18x8.5 inakaa bila kugusa kitu au ubaki na 17x8.